Jibu la Tano

Mwalimu Fideli,

Furaha amefaulu mtihani wake. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu azunguke wakati swali limeuliza kitu kimoja. Sehemu ya data, ile tuliyodhani itamwangusha, ndiyo iliyombeba. Mwezi ujao anaingia shule ya biashara Kampala. Mimi bado niko Mbarara, nabeba zege kwenye jengo lile lile. Tumefika ghorofa ya tatu. Mgongo unauma, lakini hiyo si habari mpya.

Ni miezi minne tangu tukuzike. Chumba chako pale Base Camp, kambini Nakivale, nyuma ya duka la kuchaji simu, amekichukua fundi cherehani. Ule ubao wako wa mbao uliopakwa makaa ya betri ameulaza juu ya matofali, anaukatia nguo. Nilifikiri nitakasirika. Sikukasirika. Ni ubao mzuri na yeye alihitaji meza.

Unakumbuka nilivyoingia darasani kwako. Mimi niliishia darasa la nne kule kwetu Fizi, sikuwa na shida na mtihani wa mtu. Nilikuwa natoka Mbarara kila Jumamosi kumwona binti yangu, namkuta kwako, nakaa kizingitini kumsubiri. Siku moja ukanipa simu yako, ukasema, "Papa Furaha, usikae bure. Utakuwa saa yetu." Maswali ishirini, dakika arobaini na tano. Zikibaki kumi niseme, zikibaki tano niseme tena. Nikazoea hata nikawa napima kila kitu kazini, zege linakorogwa dakika ngapi, chai inachelewa dakika ngapi. Msimamizi wetu, Mnyankole mwenye mdomo, akaniambia mbele ya watu, "Wewe mzee, mukono iko hapa, akili iko Nakivale inasoma." Tangu hapo wananiita Profesa. Sikuwahi kukuambia. Ungecheka.

Majedwali niliyaelewa kidogo. Michoro ya mistari pia, kwa sababu uliifananisha na ziwa linavyojaa na kupungua. Lakini lililonishika ni lile swali lisilotaka jibu. Wanakupa swali, wanakupa taarifa mbili, halafu hawaulizi jibu ni nini. Wanauliza kama ulichopewa kinatosha kulipata. Labda taarifa ya kwanza inatosha peke yake, labda ya pili, labda mpaka uziunganishe, labda yoyote ile inatosha. Na jibu la tano: hata ukiziunganisha, hazitoshi.

Hapo ndipo Furaha alipokuwa anaanguka. Mtoto aliyemaliza chuo kikuu, anayepiga hesabu kichwani kuliko wenye duka, kila akifika kwenye jibu la tano analiruka. Ulimpa la mbuzi. Mzee mmoja wa Juru ana mbuzi wangapi? Taarifa ya kwanza: akiuza watatu, anabaki na zaidi ya watano. Ya pili: mbuzi wake hawafiki kumi na wawili. Akasema zinatosha, mbuzi ni kumi. Ukamuuliza kwa nini si tisa, kwa nini si kumi na mmoja. Akasema mzee ana watoto wawili, atataka kuwagawia sawasawa, kwa hiyo mbuzi lazima wagawanyike kwa mbili.

"Watoto wametoka wapi?" ukamuuliza. "Mimi nimeandika mzee na mbuzi. Hao watoto umewazaa wewe?"

Wenzake watatu walicheka. Yeye aliinamia karatasi. Baadaye ukaniambia kwamba si yeye peke yake, wote waliokulia kambini unawaona hivyo. Wana akili, ila jibu la tano hawaligusi, kama sahani iliyowekewa mgeni. Ulidhani ni haraka, ukaniambia niwaongezee dakika. Niliwaongezea. Mimi nilijua si haraka, nikanyamaza.

Nilikuja kukuambia pale Ruharo, hospitalini, wiki yako ya mwisho, macho yako yakiwa yameshakuwa ya manjano. Nakuandikia tena kwa sababu siku ile sikusema yote.

Furaha alikuwa na miaka kumi tulipoitwa mahojiano ya kwanza, ya watu wanaotaka kupelekwa nchi nyingine. Walitutenganisha meza. Mimi niliulizwa mke wangu yuko wapi, nikasema amekufa. Furaha aliulizwa mama yake yuko wapi, akasema, "Sijui." Maneno yetu hayakulingana, faili ikawekwa pembeni. Majirani walioitwa siku ile ile walisafiri. Nilipofika nyumbani nilimpiga. Nikamwambia mbele ya meza ile mtu hasemi sijui, ukisema sijui wanaona unadanganya. Nikamfundisha historia yetu kama wote walivyokuwa wanawafundisha watoto wao, tukiosha vyombo, tukichambua maharagwe. Ukiulizwa, jibu. Hujui, jibu.

Kwenye mahojiano ya pili alijibu vizuri. Alisema mama alikufa ndani ya nyumba, siku ya Jumanne, akiwa amevaa kitenge cha kijani. Habari ya Jumanne na ya kitenge sikumfundisha mimi. Afisa aliandika yote. Faili haikwenda popote hata hivyo.

Hapo ndipo nilipoishia siku ile. Nilichoacha ni hiki. Mimi mwenyewe sijui kama mama yake alikufa. Tulipokimbia alikuwa amebaki nyuma kumchukua mama yake mzazi. Jirani tuliyekutana naye njiani alisema nyumba yetu imeungua. Ni hayo tu niliyokuwa nayo, alibaki nyuma na nyumba iliungua. Nikayaunganisha nikasema amekufa, kwa sababu mtu aliyekufa ana sehemu yake kwenye fomu na asiyejulikana anachelewesha watu. Baada ya miaka nikazoea. Nikawa mjane hata kanisani.

Nafikiri ulilijua hata bila mimi kulisema. Ulisema, "Papa Furaha, kazi hii si yangu tena. Ni yako." Ukafumba macho. Nikaosha kikombe nikarudi kazini.

Tulipokuzika zilikuwa zimebaki wiki tatu afanye mtihani. Wale wenzake watatu hawakurudi tena. Jumamosi iliyofuata nilimkuta peke yake mlangoni kwetu na karatasi zako. Nilishika saa. Alipomaliza tulilinganisha na majibu uliyoyaandika nyuma. Maswali ya namna ile yalikuwa sita, alikosa matano. Kila alipokosa alikuwa ameongeza kitu chake, mtoto, sikukuu, mvua. Akasema labda aache, atafute kazi ya kuuza duka la dawa.

Nikamwambia. Sikupanga maneno. Nikasema, "Mama yako sijui kama alikufa. Sikumwona. Nilisema vile ili faili itembee."

Aliweka kalamu chini. Kisha akauliza, "Na kile kitenge?"

"Kitenge ni chako. Mimi sikukisema."

"Papa," akasema, "miye nilishaanza kukiona kabisa. Na pindo lake naliona."

Aliinuka akaenda bombani bila ndoo. Siku zile hakuniita Papa. Alinitumia ujumbe mmoja tu, kuuliza jina la kijiji cha bibi yake. Jumamosi ya pili nilikuja nikakuta ametoka. Ya tatu alikuwepo, akanipa simu bila salamu nyingi, akafanya zoezi lote. Nilikuwa namwangalia. Kwenye mojawapo ya yale maswali alianza kuandika pembeni, akasimama, akakata alichoandika, akaweka jibu la tano akaendelea. Hakuinua kichwa. Alikosa moja tu.

Sisemi kuwa amenisamehe. Sijamuuliza. Amejaza fomu kwenye ofisi ya wanaotafuta ndugu waliopotezana, na aliponipa niisome nikaona sehemu ya mavazi ya mwisho ameiacha wazi. Faili yetu pia ameandika barua irekebishwe. Itachelewa zaidi. Nilitia sahihi.

Sasa habari ya mama yako.

Alinipigia Jumapili. Namba yangu alipewa na binamu yako wa Rubondo, aliyenionya mapema kwamba nikiulizwa niseme ulilala tu usingizi hukuamka. Watu wote husema hivyo kwa wazazi, na mimi nilikuwa nimeyatayarisha maneno. Mama yako anaongea Kiswahili cha Buyenzi, anasema aliuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, pale miaka mingi. Hakulia. Aliniuliza kama ulipata padri, nikasema ndiyo, kwa sababu nilimwona padri siku ya Jumatano. Halafu akauliza, "Aliteseka saa yake ya mwisho?"

Nikasema, "Mama, sijui. Saa ile nilikuwa kazini. Nilikuja na uji mchana nikakuta kitanda kimeshatandikwa."

Akasema, "Basi niambie unachojua."

Nikamwambia siku ya mwisho niliyokuona ulikunywa nusu kikombe, ukalalamika uji hauna sukari, ukasema hata wafungwa wanapewa sukari. Nikamwambia uliniagiza nimwambie Furaha arudie zoezi la nane, na kwamba miguu ilikuwa imevimba ukataka nikugeuze upande wa dirisha.

Akasema, "Hilo la sukari ni yeye." Akalirudia mara mbili. Kisha akacheka kidogo, Mwalimu, mama yako alicheka, akaniombea heri, akakata.

Tangu siku hiyo nafikiria yule mama aliyekuwa anamuuguza mumewe kitanda cha jirani na chako. Yule aliyekuwa anakupigia hadithi kwa Kinyankole ukajifanya umeelewa. Alikuwepo asubuhi ile ulipofariki. Mume wake walimruhusu siku hiyo hiyo, ndiyo maana sikumkuta. Muuguzi mmoja anakumbuka kwamba mama huyo ni mfanyabiashara wa Kikagate, anauza mchele karibu na mpaka. Jina hatukulishika vizuri. Ana pengo la jino la mbele na anacheka sana, si watu wengi walio hivyo.

Jumapili hii sina kazi. Nitapanda gari asubuhi niende nimtafute, niulize duka kwa duka. Nikimpata nitamuuliza kama alivyouliza mama yako, na atakachosema, kizuri au kibaya, nitampelekea mama yako hivyo hivyo, bila kuongeza. Nisipompata nitarudi Jumapili nyingine.

Pumzika, Mwalimu. Nikitoka Kikagate nitampigia mama yako kabla sijavua viatu.

Papa Furaha