Mwenyekiti wa Usafi Aliyemwaga Taka

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ukitaka kucheka kwanza cheka tu, mke wangu ameshatangulia.

Mimi ni kinyozi, na mwaka wa tatu sasa ni mwenyekiti wa kikundi cha watu kumi na wawili tunaojitolea kuokota taka kwenye bustani ya jiji kila Jumamosi, cheo nilichopewa kwa sababu nina sauti kubwa na wenzangu hawapendi vikao. Viroba tunanunua wenyewe, glovu zimetoboka mpaka vidole vinachungulia, kwa hiyo niliandikia shirika moja kuomba ufadhili, nikaeleza bustani inavyozama kwenye chupa na mifuko, nikaipamba barua kweli kweli, wakajibu watakuja Alhamisi asubuhi kujionea. Basi Alhamisi hiyo alfajiri napita kukagua, nakuta bustani inang'aa kama sahani ya mgeni! Kumbe mama mkwe wangu, fundi cherehani mstaafu ambaye ndiye jembe la kikundi, aliwakusanya wenzake jana yake jioni wakafagia kila kona ili tusiaibike. Mshauri, badala ya kushukuru nilichanganyikiwa, nikaona wageni watauliza taka ziko wapi, na viroba vilikuwa bado getini vikisubiri gari, nikafungua vinne nikamwaga, tena sikumwaga ovyo, nilipanga, chupa hapa, nepi pale, nikarudi nyuma hatua mbili kutazama kama mpiga picha wa harusi.

Wageni wakaja, wakasikitika, mmoja akanishika bega, "Mna kazi ngumu, mwenyekiti," nami nikatikisa kichwa kwa uchungu nilioufanyia mazoezi kwenye kioo cha saluni. Ufadhili umekubaliwa. Lakini mama mkwe alipouona uchafu ule alilia, kisha akasema lazima ni yule mama muuza karanga wa getini na wateja wake, kikundi kizima kikamshtaki ofisi ya bustani, meza yake ikaondolewa, na barua ya mashtaka niliisaini mimi, maana mwenyekiti ndiye husaini. Jana nilimkuta ng'ambo ya barabara, amekaa chini, beseni mapajani, akaniambia, "Baba, wewe unanijua, waambie si mimi." Nikanunua karanga za watu sita nikakimbia. Mke wangu, aliyeninusa shati siku ile akajua yote, anasema niungame. Naogopa kikundi kitakosa ufadhili, na mama mkwe hatanitazama tena. Nifanye nini?

Kinyozi Mwenye Aibu

Ndugu yangu kinyozi,

Nimecheka mpaka nilipofika kwa yule mama aliyekaa chini, hapo kicheko kikakata. Usijifiche nyuma ya kikundi. Unayemwogopa ni mama mkwe. Pole, wakwe wanaogopesha, lakini hofu yako haikupi ruhusa ya kumlaza mtu mwingine njaa.

Tena unanishangaza. Wageni wangeikuta bustani safi wangejua kwamba ninyi mkipewa glovu mtazitumia. Ushahidi huo mama mkwe wako aliuinamia jioni nzima, wewe ukaufunika kwa nepi!

Sasa sikiliza. Kabla ya kufungua saluni, nenda kwa yule mama. Usinunue kitu. Mwambie, "Ni mimi," na akikutukana, tulia upokee. Mwende pamoja ofisi ya bustani, uifute barua kwa maandishi, na meza uirudishe wewe mwenyewe, mchana, watu wakiona. Kisha mwambie mama mkwe, mkeo akiwepo, bila mzaha, kwa sababu huo mzaha wako nimeuona, ndipo unapojificha. Halafu kikundi. Shirika waandikie barua fupi isiyopambwa, uwaombe waje tena siku yoyote bila kukutaarifu. Wakighairi, viroba vya mwaka mzima utanunua wewe. Uenyekiti uachie, na Jumamosi ufike mapema kuliko wote.

Usingoje kupata maneno mazuri. Maneno mazuri ndiyo yaliyokufikisha hapa. Weka gazeti chini, uende.