Ijumaa ni ya Paka

Kitale,
Ijumaa, saa ya chakula.

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe na wote wa hapo Mabanga. Goti linaendeleaje? Na yule ndama aliyekuwa anakataa kunyonya? Mimi ni mzima, nimenenepa hadi sketi ya kanisani inalalamika. Nimeandika kwa sababu habari yenyewe ni ya paka, na kwa simu ungenikata katikati ucheke.

Unajua hapa stoo tuko wanawake watano, tunapepeta na kuchambua mahindi kabla hayajapimwa. Siku moja tulikuta gunia limefungwa kamba nje ya geti, linalia. Ndani mlikuwa na paka jike, mifupa mitupu, sikio moja limekatika. Nikamchukua. Panya walihama bila kuaga. Lakini akaanza kukohoa, Mama. Anajikunyata, ananyoosha shingo chini, mbavu zinapanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi.

Yule daktari wa mifugo anayetibu ng'ombe wa huku nilimsimamisha njiani, paka mkononi, nikijua atanicheka. Hakucheka. Alipiga magoti kwenye vumbi na suruali yake safi, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kusikilizwa mimi hospitalini. "Ana pumu," akasema. "Haiponi hii. Tutakuwa tunaituliza tu, maisha yake yote." Akaniambia vumbi la mahindi linamzidishia, basi nikamhamishia chumbani kwangu, hapa nyuma ya stoo.

Dawa yake kumbe ni pampu ile ile wanayovuta watu. Pale duka la dawa waliniuliza mgonjwa ana miaka mingapi, nikasema miwili. Mwenye duka akanipa pole nyingi na kuniambia nimvishe mtoto sweta asubuhi. Sikuwa na moyo wa kumsahihisha.

Sasa paka utamwambiaje avute? Aliyetuokoa ni Mama Sifuna, mkubwa wetu kwa umri hapa kazini. Mjukuu wake alipolazwa kwa pumu, manesi walimwonyesha namna ya kutumia chupa ya plastiki ya soda iliyokatwa kitako: pampu inaingia upande huu, uso unaingia upande ule, unabonyeza, halafu unahesabu pumzi kumi. Nilibonyeza, nikahesabu. Baada ya dakika chache zile mbavu zikatulia, naye akaanza kujilamba makucha kama mtu aliyetoka saluni. Mama, nililia. Hii hewa tunaivuta bure tukisengenya watu, na mimi niliiona ikirudi ndani ya mnyama mdogo vile.

Lakini pampu huisha, na daktari lazima amwone tena na tena. Nakiri mbele yako kwamba zile pesa za mabati ya jikoni kwako zilienda huko. Nisamehe, niliogopa kukuambia. Zilipokwisha sikuwa na pa kugeukia. Jumatatu moja nikawaambia wenzangu kwamba daktari akija nitamwomba amdunge paka sindano apumzike kabisa. Tukaendelea kupepeta.

Hapa stoo, mahindi yanayomwagika chini huwa tunayafagia jioni, na ni ya mmoja wetu, kwa zamu, awauzie wafugaji wa kuku. Hiyo zamu haiguswi. Nimeona wanawake wakinuniana wiki nzima kwa sababu ya debe moja la mahindi ya kufagia. Basi jioni ile Mama Sifuna alisimama na ufagio wake akasema, "Kuanzia sasa Ijumaa ni ya paka." Nikangoja mmoja abishe. Wote wana watoto wa kulisha. Hakuna aliyebisha.

Bosi wetu, Mama Njeri, alisikia. Yeye huokota punje moja moja sakafuni na kuirudisha kwenye gunia. Akauliza, "Na hii mambo ya paka ni mpaka lini?"

"Mpaka Ijumaa ziishe," Mama Sifuna akamjibu, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

Sasa Ijumaa zinaenda kwa paka, zinanunua pampu na kumlipa daktari, na mshahara wangu umerudi kuwa wangu. Mabati yatakuja, Mama, ila nipe muda. Ninachoshindwa kuelewa ni hawa wanawake. Wanajua paka hatapona, na bado kila Ijumaa wanafagia mpaka chini ya mzani.

Nisalimie Baba, umwambie sijarogwa. Msalimie kaka Wekesa na mkewe, na shangazi yetu wa Webuye akija kanisani. Yule mjukuu wako Bethi mpe busu, na akiuliza, mwambie sikio la paka halijaota.

Nilikuwa nafunga barua, lakini acha nikuambie nilichokiona asubuhi. Hizi wiki mbili mahindi ya Ijumaa yamekuwa mengi kupita ya siku nyingine, tukadhani ni magunia mabovu. Leo nimefika mapema. Mama Njeri alikuwa peke yake stoo. Aliingiza kidole kwenye tundu la gunia, akalipanua, akatazama mahindi yakimwagika, kisha akajipangusa mikono na kwenda kufungua geti.

Ni mimi binti yako,
Nekesa