Nyumba Iliyoitikia Hodi Yako

Mume wangu, baba Salma,

Jana mwanao kanipeleka kwa gari mpaka Fanja, tukarudi Ghubra kabla ya adhuhuri. Barabara laini, kiyoyozi kinapuliza. Nikacheka peke yangu. Salma akaniuliza, "Nini, mama?" Nikamwambia hamna. Ningemwelezaje kwamba njia hiyohiyo mimi na babake tuliikata kwa baiskeli moja, wewe unapiga pedeli, mimi nimekaa nyuma? Mlimani nashuka nasukuma, mteremkoni nageuka abiria tena, buibui nimelikunja lisinaswe na gurudumu.

Ilikuwa sitini na sita hivi. Tumeingia Omani kutoka Unguja na nguo za mwilini, mama yako amebaki kule, na hatujui kama yu hai. Ukasema twende milimani kwa jamaa za marehemu baba yako, wakutambue. Joto lilikuwa limevunjika, tende zimeshavunwa, na asubuhi vilima vilikuwa na baridi ya kujitanda shali. Uliimba njia nzima, kwa sauti mbaya, Mungu akusamehe.

Kile kijiji tulikifikia mchana kweupe, tukitafuta maji. Nyumba za udongo, mfereji mkavu, hata mbuzi hakuna. Kimya kilikuwa kizito mpaka nikawa nasikia mnyororo wa baiskeli ukilia, na sisi tumesimama. Na wewe, Mswahili hata majabalini, ukaenda kwenye nyumba isiyo na paa, ukasimama mlangoni ukaita, "Hodi!"

"Karibu," sauti ya mwanamke ikajibu.

Nikakushika mkono. "Labda bibi wa Kiarabu, kasema *qarib*," nikanong'ona, maana wenyeji nao hupiga hodi, na neno lao la kukaribisha halipo mbali na letu. Lakini sauti ikaongeza, taratibu: "Pita ndani, mwanangu. Viatu acha hapohapo."

Ukavua viatu. Hilo lilinitisha kuliko sauti yenyewe.

"Mama yangu huyo," ukasema. "Nnakaribishwa, nisimame mlangoni kama mdeni?"

Ukaingia. Nilichungulia nikaona kuta nne na jua limejaa tele, na wewe hukuwemo.

Kwetu mke hamwiti mumewe jina. Mtoto bado hatujapata, kwa hiyo nilikuwa nikikuita "bwana", na nikiudhika, "wewe". Siku ile adabu ilinitoka. "Nassor!" nikapiga ukelele. "Nassor! Nassor!" Sikuwa na mtu mwingine katika nchi ile, na sikuwa tayari kubaki peke yangu. Ukatokea mlangoni, macho mekundu, ukavaa viatu bila kuniangalia. Nilikuuliza umeona nini. Ukanambia tupande, jua linakwenda. Hukuimba tena mpaka tukafika kwa jamaa zako.

Mwaka ukapita, au zaidi, akaja Bi Zuwena, jirani yetu wa Unguja. Ulimwuliza habari za mama yako kama mtu anayengoja hukumu.

"Mzima," akasema. "Ila kuna jambo halimtoki. Anasema mchana mmoja alikusikia ukipiga hodi. Kakukaribisha, kakuona umeingia mpaka ukumbini, umesimama unamtazama. Mara ukageuka ukatoka. Kila amwonaye humwuliza: mbona mwanangu alirudi?"

Ukaniangalia. Hukunilaumu, siku ile wala baadaye, na mama akafariki bila kukutia machoni tena. Hasira zako nilizizoea. Ule upole wako ndio ulionikosesha usingizi. Lakini nakwambia kweli, sijuti. Nilikuwa msichana, na nilikuwa na mume mmoja tu.

Basi mwaka jana, pale hospitali, ulipogeuza macho kuelekea mlangoni pasipo na mtu, na midomo ikakucheza, na uso wako ukafurahi kama wa mtoto, nilijua. Salma hakujua. Alinishika bega akilia. "Mama, mwite! Mwite, pengine atakusikia!"

Jina lilinifika ulimini. Nikalimeza.

Lala salama, bwana wangu. Msalimie mama, na umwambie safari hii nimemwachia mwanawe.

Mkeo,
mama Salma