Zamu za Mji wa Mbaka

Jumanne, 2 Aprili
Nimegeuza kakao, nimekunywa chai, nimeingia zamu. Mji umeamka salama. Nimeziba ukuta wa kaskazini, nimelisha askari, saa sita nikatoka ili Lusajo aingie. Watu wanne, simu nne, akaunti moja. Humo mchezoni kuna maelfu ya watu wa kila nchi, na kati yao sisi ni mtu mmoja anayeitwa Mbaka, jina la mto wetu na la mji wetu wa humo. Mbaka halali. Wanamwogopa kwa hilo.

Zamu tulizitoa shambani. Utotoni tuliamia mpunga hivyo hivyo, mmoja anakula, mwingine anafukuza ndege.

Mvua tangu jana. Kakao haikauki. Nimeudhika.

Alhamisi, 4 Aprili
Ambwene kapiga simu kutoka mpakani Kasumulu, anakouza vitenge. Ubishi ule ule. Kwake mchezo mkubwa ni wenye watu wengi. Kaona mwingine unaojisifu kwa mamilioni, anataka tuhamie. Upuuzi mtupu. Ule unakuingiza chumbani na watu ishirini, mnapigana, mnatoka, chumba kinafutwa. Vyumba vidogo, hata viwe vingi namna gani. Hiyo ni gesti. Mchezo mkubwa kweli ni uwanja mmoja, wote mmo humo kwa wakati mmoja, ulichojenga kinabaki, kilichobomolewa kimebomolewa, na unaendelea wewe ukiwa umelala. Haukusubiri. Ukubwa wenyewe ndio huo. Ambwene kasema najifanya mwalimu. Nimemkatia simu.

Jumapili, 7 Aprili
Baada ya ibada nimeenda Mwaya kwa Lusajo. Huu ni mwaka wa pili yuko kitandani, tangu alipoanguka kutoka juu ya mchikichi. Miguu haisikii chochote. Mgongo ndio unaosikia, tena sana. Mama yake anamgeuza ubavu huu na huu kutwa nzima. Hakuna tena anayesema atasimama.

Mpe simu uone. Leo kawafokea wakuu wa muungano wetu, mmoja Mbrazili, mwingine hatujui wa wapi, na wamemtii. Kule hakuna ajuaye kwamba jemadari amelala chali. Wakati wa kuaga mama yake kanishika mkono nje. "Ndaga, asante mwanangu. Mchezo wenu huo ndio unamfanya ale."

Jumatano, 10 Aprili
Tumefungiwa. Wenye mchezo wameandika kwamba akaunti inashukiwa kuendeshwa na mashine, kwa kuwa hakuna binadamu asiyelala. Ili ifunguliwe atokee mtu mmoja, aoneshe uso na kitambulisho. Baada ya hapo itafunguka kwenye simu ya huyo tu. Kuchangia akaunti ni marufuku. Kumbe ilikuwa marufuku tangu mwanzo. Nani husoma yale masharti?

Nina hasira.

Alhamisi, 11 Aprili
Tumekubaliana kwa simu, Ambwene, Gwakisa na mimi, bila ubishi. Sijui kama imewahi kutokea. Uso uwe wa Lusajo. Gwakisa yuko Ngana na mpunga wake. Kaanza kulia, halafu kadai ana mafua.

Tumekubaliana na jingine. Lusajo asijue kwamba sisi tumetoka. Tutamwambia ni ukaguzi, basi. Akijua yuko peke yake hatalala, na asipolala maumivu yanampanda hadi anapiga kelele. Nimeshamsikia. Sitaki tena.

Jumamosi, 13 Aprili
Imefunguka. Mama yake alimchana nywele na kumvika shati la kanisani. Kageuza shingo kushoto, kulia, kama walivyotaka. Mashine imeridhika kwamba yeye ni mtu. Kafurahi mno, kataka tupige picha. Nimepiga huku najichukia.

Alhamisi, 18 Aprili
Mchana dawa zinamlaza. Natoka kwangu Ndandalo kwa baiskeli, nashika simu yake, nalinda, naondoka kabla hajaamka. Mama yake anajua. Saa nyingine zote anapolala, mji hauna mtu.

Wameshaona. Mbaka analala siku hizi, na uwanja mzima unajua. Jana muungano umetutoa. Hawakuaga, na kwa nini waage? Lusajo anasema Gwakisa kawa mvivu, zamu yake haioneshi kazi yoyote. Tumesingizia ndege, mpunga unakaribia kukomaa. Gwakisa kamwomba msamaha kwa kosa asilolifanya.

Jumanne, 23 Aprili
Mto umefurika. Barabara ya Mwaya imekatika. Nimefika penye maji, nimesimama na baiskeli yangu kama mjinga, nimerudi.

Nilikuwa nimefungua akaunti yangu changa ili niuone mji kwa mbali. Nimeingia, nimekuta moshi. Washambuliaji wamekuja kutoka pande zote. Mimi nina askari wawili na jina ambalo hakuna anayelijua. Nimempigia Lusajo, simu inaita tu. Dawa. Mama yake naye hapokei, nadhani anahamisha vitu, maji yasivikute. Nimetazama mpaka ukuta wa kaskazini ukaanguka. Waliouangusha hawatujui wala hatuwajui. Hawana chuki na mtu. Huo ndio ukubwa niliokuwa namhubiria Ambwene, na leo nauchukia.

Kakao yote imeota ukungu. Sijaigusa.

Ijumaa, 26 Aprili
Maji yamepungua. Nimevuka kwa miguu, yananifika kiunoni.

Lusajo alikuwa macho, simu juu ya kifua. Hakunisalimia. Kauliza, "Ilikuwa zamu ya nani?"

Nimesema yangu.

Kanitukana kwa Kinyakyusa, kisha kwa Kiswahili, mpaka mama yake kaja mbio. Nimeinamisha kichwa. Alipochoka kataka nimgeuze ubavu, nikamgeuza, akatazama ukuta. Mama yake kaleta ndizi, tumekula mimi na mama tu.

Baadaye Lusajo kazungumza bila kugeuka. Tutaujenga upya, ila mimi haniamini tena. Zamu yangu apewe Gwakisa, aanze kesho. Nimesema nitamwambia.