Dahira Halii

Jumatatu, 6 Mei
Ukurasa mmoja kabla ya kwenda kufundisha, kama kawaida. Chai imepoa tena. Halafu barua pepe ya mhariri, kutoka Nairobi. Sura ya tano ya riwaya yangu haijamridhisha. Eti wanawake wangu watatu, wauza maziwa ya ngamia, wanaongea kwa mdomo mmoja. Na Dahira, mmoja wao, ambaye ukame umemmalizia ngamia wote, mbona halii? Anataka alie. Anataka mgeni aje na gari amwokoe. Nirekebishe kufikia Ijumaa, la sivyo mswada unarudi. Ebo! Dahira wangu aokolewe na nani?

Jumanne, 7 Mei
Nimemsomea eddo Rukia, shangazi yangu, sura nzima. Ameuza maziwa sokoni tangu sijazaliwa. Nilitaka anitetee. Akacheka mpaka akashika mbavu. Hao watatu, akasema, ni wewe umebadilisha mtandio.

Kisha akanishika penye kosa. Nimeandika wote watatu wanafukiza jerikani za maziwa kwa moshi wa kuni za mgunga. Kosa la mtoto wa mjini, wa mtaa wa Galbet, anayejua kunywa tu. Kila mwanamke ana kuni zake na moshi wake, na mteja hujua maziwa ni ya nani kabla hajaambiwa.

Nimenuna hadi magharibi. Mhariri ana haki, nusu. Inaniuma kuliandika hilo.

Jumatano, 8 Mei
Baada ya shule, sokoni kando ya eddo. Akanifumbisha macho, akanionjesha maziwa nikisie ni ya nani. Nikakosea mara mbili. Mara ya tatu nikapata: ya Habiba, anayeuza karibu na eddo, moshi unaokwaruza koo. Habiba mwenyewe hamalizi sentensi bila wallahi, hata akizungumzia mawingu. Jirani yake hutaja bei kwa vidole na haangalii mtu. Eddo humsifu mteja kwanza, amsifu mama yake, kisha anakataa kupunguza hata shilingi. Nimeandika yote nyuma ya daftari la mahudhurio. Mwalimu mkuu akiona, shauri yake.

Alhamisi, 9 Mei
Nimeifumua sura yote. Mmoja sasa anaapa, mmoja haongei kabisa. Dahira nimempa jambo jipya. Ngamia hayuko hata mmoja, lakini kila alfajiri anawasha kuni zake, anafukiza jerikani tupu, anaifunga, anaiweka mlangoni. Basi. Sijui limetoka wapi. Chozi simpi, hata la dawa. Nimeituma usiku huuhuu.

Ijumaa, 10 Mei
Mhariri amepiga simu. Sauti za wanawake sasa ni safi, amezipenda. Lakini msomaji lazima amwonee Dahira huruma, kwa hiyo alie, na mgeni aje. Nikamwambia msomaji ana macho yake, akitaka kulia na alie yeye. Akasema basi, kitabu hakitatoka kwao.

Haya, kisitoke! Nimekaa na wanawake hawa miaka mitatu. Siwezi kumuuza mmoja ili nipate jalada.

Nilipokata simu nililia mimi. Nina hasira na nina woga. Huenda hakuna mwingine atakayekitaka. Sikumpigia tena.

Jumapili, 12 Mei
Eddo amekuja na maziwa. Nilimwambia kitabu kimekataliwa. Akasema soma.

Safari hii hakucheka, ila pale kwa yule anayeapa. Nilipofika kwenye jerikani tupu akaweka kikombe chini. Akauliza ni nani aliyenisimulia. Hakuna, eddo, nimebuni.

Akatazama mlango kitambo. Mwaka ule ngamia wake walipokwisha, akasema, alifukiza jerikani tupu kila siku mpaka mvua ikanyesha. Hata mumewe hakumwambia.

Akavuta mtandio, akaniambia nirudie hapo. Nikarudia.