Skafu ya Luay

Mosul, 3 Julai 2014

Mwanangu Muayad,

Salamu nyingi. Unakula vizuri huko Erbil? Mimi mzima, ila magoti haya, na hofu. Hawa wenye bendera nyeusi wanapita nyumba kwa nyumba wakitafuta picha za watu, wanasema ni haramu. Jirani yetu Abu Nashwan kachapwa viboko sokoni kwa picha ya harusi yake! Karibuni watafika mtaani kwetu. Nifanyeje na picha ya ndugu yako Luay, ile uliyomchora kabla homa haijamchukua? Sina sura yake nyingine.

Dhannun wa lori la vitunguu anasubiri barua mlangoni. Jibu upesi.

Mama yako

Erbil, 7 Julai

Mama mpenzi,

Nakubusu mkono. Mimi sijambo, ila roho i juu juu kwa ajili yako. Ichome leo leo. Ukishindwa, chukua rangi nyeusi umpige mstari wa kukata shingo. Wenye vitabu vya kale walifanya hivyo: sura iliyokatwa shingo ilihesabiwa haina uhai. Ni rangi juu ya kitambaa, Mama. Ni mfano wa Luay, si Luay mwenyewe. Usije ukafa kwa ajili ya mfano.

Mwanao

Mosul, 12 Julai

Muayad wangu,

Hujambo? Mimi usingizi sina. Ati mfano! Mbona wewe mwenyewe, kila ukipita mbele yake, ulikuwa unamwambia, "Amka, goigoi"?

Jana nilishika brashi. Nilipofika shingoni nikaiondoa. Mimi nimkate koo mwanangu? Nikaiosha brashi, nikachukua rangi nyekundu, nikamvisha skafu. Unajua koo lake halikuvumilia baridi.

Usinikasirikie. Naogopa sana. Wako mtaa wa pili, nasikia wanavyogonga milango.

Mama yako

Erbil, 15 Julai

Mama,

Skafu haitoshi, bado ana macho! Ichome, nakusihi.

Mwanao

Erbil, 2 Agosti

Mama,

Nakubusu mkono, popote ulipo. Dhannun kanirudishia barua yangu, haijafunguliwa. Anasema mlango wetu umepigiliwa misumari, na majirani wakiulizwa wanatazama chini.

Sina hata picha yako moja. Ulikataa kuchorwa, ukisema pua yako itajaza kitambaa kizima. Sasa nakuchora kwa kumbukumbu. Pua nimeipata. Mwenye nyumba kanikuta nikiongea nawe, akasema, "Hiyo si picha tu, bwana?" Nusura nimpige.

Nilipofika shingoni niliogopa, Mama. Nikachanganya rangi nyekundu, nikakuvisha skafu.

Mwanao