Gari Lisitoke Getini

Kaka yangu,

Simu yako haipatikani, ndiyo maana naandika. Gari lako ni zima. Kila Jumamosi naliwasha lingurume, betri isife, na nalisugua kuliko ninavyojisugua mwenyewe. Nikiliwasha halitoki getini, kama ulivyoagiza.

Mama alipenda kukaa kiti cha mbele nikiliwasha. "Lina harufu ya mwanangu," alikuwa akisema. Namjibu, "Ni harufu ya plastiki hiyo, mama." Tunacheka.

Jumanne kifua kilimbana. Nikachukua ufunguo, akanishika mkono. "Mwenyewe amekataza. Katafute teksi." Kuendesha najua, kaka, na tangi lilikuwa limejaa. Lakini wewe nakujua pia. Nikamketisha kwenye kivuli cha gari lako, nikakimbilia barabarani. Niliporudi na teksi nilimkuta ameegemea tairi la mbele, ameshakata roho.

Basi usinigombeze, jana nimelitoa. Ulijisifu kwamba viti vya nyuma vikikunjwa hakuna mzigo unaolishinda. Ni kweli. Jeneza liliingia lote, na mlango ukafungika.

Ni mimi dada yako, mlinzi wa gari.